Maji ya Luka

Mimi si mtu wa kusimulia mambo nisiyoweza kuyapima. Watu wa kijijini kwetu wanalijua hilo, na wengine hunicheka kwa sababu hiyo. Nina kamba yenye mafundo ya kupimia mashamba, nina kopo la kupimia mvua nililolitengeneza kwa mkono wangu, na nina daftari ninamoandika siku, saa na hali ya hewa. Kwa hiyo ukinisikia nasema kwamba nilikutana na mwanamke wa namna hii, mahali fulani, saa mbili na robo asubuhi, usidhani nimeazima kisa hiki kwa mtu. Kilinipata mimi. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na usiku wake nilikuwa nimelala vizuri. Nimekichunguza mara nyingi kuliko utakavyokichunguza wewe, na bado sijui nilichokiona.

Ili unielewe lazima nianze nyuma kidogo.

Kijiji chetu kipo nje ya Newala, ukingoni kabisa, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yake unaliona bonde la Ruvuma. Huku juu hakuna maji. Mvua ikinyesha tunakinga maji ya bati na kuyaweka kisimani. Kisima kikikauka tunashuka kwenye chemchemi iliyo chini ya mteremko. Kushuka ni saa moja. Kupanda, ukiwa na mzigo, ni saa moja na nusu au zaidi. Wazee wetu walihamia huku juu kwa makusudi. Walisema bondeni kuna maji, na penye maji kuna maradhi na maadui. Wakachagua kiu.

Shule niliiacha darasa la nne. Mengine yote nimejisomea. Mpaka leo mimi ni mwalimu wa kanisa. Padri wetu anakaa Masasi na ana makanisa mengi ya kuyazungukia, hivyo Jumapili nyingi ibada naongoza mimi. Tena mtoto akiwa anakufa na padri hayupo, ninaruhusiwa kumbatiza. Sharti ni moja tu, nalo ni dogo: maji.

Dogo? Kwenu labda. Mimi swali hili nililiandika daftarini muda mrefu kabla ya mambo haya: Wazee wetu walipanda mlima kwa kuyakimbia maji, kisha dini ikatuambia kwamba mtu huzaliwa upya kwa maji. Je, Mungu hakutuona tukipanda? Niliandika, nikapiga mstari chini yake, nikaendelea kufundisha katekisimu kama kawaida. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na swali moja ndani ya daftari. Ninajua, kwa sababu niliishi nalo.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kuja na malori yao, mitumba ikajaa gulioni, na kila wiki kilionekana kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Wahubiri wapya nao walikuja na vipaza sauti. Walisema ubatizo wa watoto wachanga ni bure, mtu sharti azamishwe mwili mzima. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza mihogo akawauliza, "Tuzamishwe katika nini, wanangu? Katika vumbi?" Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka. Lakini nyumbani nililiandika swali lile la mzee.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, wakati ardhi imekauka kabisa na mabibo yameanguka chini ya mikorosho yakioza, Bibi Anjela alinijia mbio saa tano asubuhi. Bibi huyu ni jirani yetu, na tangu zamani ni mpishi wa nipa, ile pombe kali inayokenekwa kutokana na mabibo. Nilikuwa nikimsema kila mara kanisani, naye alikuwa akija kila mara kunisikiliza.

"Mwalimu, chukua kitabu," alisema. "Mjukuu anatutoka."

Mjukuu huyo alikuwa mtoto wa kwanza wa mkwewe, binti aitwaye Esta. Alikuwa na wiki tatu. Kwa siku mbili walikuwa wakingoja gari la kuwapeleka hospitali ya Ndanda, lakini malori yote yaliyopita yalikuwa yamejaa magunia ya korosho hadi juu. Baba wa mtoto alikuwa Mtwara akifanya kibarua cha kupakia.

Nilipofika mlangoni niliuliza, "Maji yako wapi?"

"Mtungi mkavu," alisema bibi. "Ngoja nizunguke kwa majirani." Akatoka.

Nikabaki na Esta na mtoto katika chumba chenye dirisha dogo. Nilihesabu pumzi za mtoto. Kati ya pumzi moja na nyingine niliweza kuhesabu hadi tisa. Baadaye hadi kumi na mbili.

"Tumwite nani?" niliuliza.

"Luka," alisema Esta. "Fanya haraka, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipoiona chupa. Ilikuwa juu ya kimeza, pembeni: chupa ya plastiki, nyeupe, unaona hadi upande wa pili, na ndani yake kitu cheupe kama maji. Ilikuwa na karatasi ya buluu iliyoandikwa kwa herufi safi: MAJI SAFI YA KUNYWA. Chupa za namna hiyo zilikuwa ngeni kwetu. Wanunuzi wa korosho walikunywa maji yake na kuzitupa, watu wakaziokota. Zamani nipa ilikaa katika vibuyu na chupa za kijani za soda, na sisi sote tulizijua kwa macho. Hii sikuijua. Na mimi, niseme ukweli, ni mtu wa kuamini maandishi. Kila ninachokijua nilikipata kwa kusoma. Nilisoma, nikaamini, nikafungua.

Nilimmiminia mara tatu kichwani. "Luka, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Nilipoinua mkono ili nifanye ishara ya msalaba, vidole vyangu vilipita karibu na pua yangu.

Nadhani umeshaelewa. Nilikuwa nimembatiza mtoto kwa nipa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii sikuisema kwa muda mrefu. Nilifunga chupa nikairudisha palepale. Muda si muda Bibi Anjela akaingia na bakuli mikononi, anatembea taratibu yasimwagike. Maji kweli, ya chemchemi, ya rangi ya udongo. Na mtoto alikuwa bado anapumua. Muda ulikuwepo. Ningeweza kulipokea bakuli lile na kuanza upya. Badala yake nilisema, "Nimeshambatiza, bibi. Mpe mama yake anywe."

Kwa nini? Kwa sababu ingenibidi niseme mbele yao kile nilichokimimina, mimi niliyeilaani nipa kila Jumapili. Niliona aibu. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta.

Mtoto alifariki kabla ya saa sita. Tulimzika kwa ibada kamili, na msalaba nikautengeneza mwenyewe.

Kwetu mwanamke akishapata mtoto, jina lake la usichana hupotea. Anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto akifa, jina lile linabaki kwa mama. Kwa hiyo tangu siku ile Esta akawa Mama Luka. Njiani, gulioni, kanisani: Mama Luka. Nami kila nilipolitamka jina hilo nilijiuliza kama lipo. Luka ni jina alilopewa wapi? Kwenye ubatizo. Ubatizo upi? Ndani ya kichwa changu nilikuwa kama mtu anayepita juu ya daraja analojua limekatika ubao mmoja, ila hajui ni upi.

Nilijaribu kwanza kulimaliza jambo hili kwa akili. Siku moja nilimkuta Bibi Anjela nyuma ya nyumba yake na pipa lake.

"Bibi, hebu nieleze. Nipa inatokana na nini hasa?"

"Mvuke," alisema. "Mabibo yanachemka, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka. Vipi, Mwalimu, sadaka imepungua, unataka kuanza kazi?"

"Kwa hiyo ni maji ndani yake?"

"Maji yamo. Lakini mnywaji wangu akiyaona maji ananirudishia chupa."

Nikaandika: Maji yamo. Nipa yenye maji ni maji? Chai je? Machozi je? Na kama Mungu hawezi kumpokea mtoto kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya chupa, basi ni Mungu wa namna gani? Na kama anaweza kumpokea bila hata tone, basi mimi nilikimbia na kitabu cha nini? Kila swali lilizaa lingine. Kusali nilisali, ila nilikuwa kama mtu anayebisha hodi huku amesahau ni nyumba ya nani.

Hayo yalidumu miezi saba.

Mwezi wa sita huku kwetu ni wa baridi. Alfajiri ukungu hupanda kutoka bondeni na kuufunika ukingo wote; unaweza kunyoosha mkono usivione vidole. Jumatatu moja nilishuka chemchemini saa kumi na mbili alfajiri. Nilichota madumu mawili ya lita kumi, nikayajaza hadi shingoni, nikafunga vifuniko, nikayaning'iniza kwenye mzega, huu mti tunaoubeba begani na mzigo kila upande. Nikaanza kupanda. Nusu ya njia, kwenye kona ya tatu, kuna jiwe bapa ambapo kila mtu hupumzika. Nikatua mzigo, nikakaa. Niliangalia saa yangu: saa mbili na robo. Jua lilikuwa limeshatoka mahali fulani, maana ukungu wote ulikuwa mweupe.

Nikasikia mtu akipanda nyuma yangu. Akatokea mwanamke mwenye mtungi wa udongo kichwani na mtoto mgongoni.

Alikuwa kijana. Kwa kumtazama ngozi ya mikono na shingo, sikumpa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Lakini mdomo wake wa juu ulikuwa na ndonya, lile pambo la mti la mviringo, na mashavu yake yalichanjwa chale za mtindo wa zamani, mistari kwa mistari. Wewe uliyezaliwa huku unajua maana yake. Mdomo huo kwetu uliacha kutobolewa zamani sana. Wenye ndonya niliowajua mimi walikuwa vikongwe wawili, na mmoja alikuwa kipofu.

Nilichanganyikiwa, na katika kuchanganyikiwa ulimi wangu uliufuata ule mdomo wenye ndonya, ukaacha umri niliouona. "Shikamoo," nikasema.

Hakucheka. "Marahaba, mjukuu wangu."

Alisema kwa taabu kidogo, kama wanavyosema wenye ndonya. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kimechanganyika na Kimakonde, lakini nilimwelewa.

"Mtoto ana kiu," alisema.

"Mnyonyeshe."

"Maziwa anapata. Wa kumnyonyesha tuko wengi. Maji ndiyo hatuna. Kwetu hakuna maji, na wewe unajua."

"Kwenu ni wapi?"

"Hapahapa juu."

"Ana kiu tangu lini?"

"Tangu mabibo ya mwaka jana."

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Niamini, nilikuwa nimekaa katikati ya ukungu mwezi wa sita, mikorosho yote haina hata ua, na iliyonijia puani ilikuwa nipa, kali, mbichi, kama ile ya vidole vyangu. Ilitoka kwa mtoto. Sikumwona uso. Nilimwona kisogo na sikio moja, na nywele zake zilikuwa zimelowa.

Nilifanya ishara ya msalaba. Mwanamke alingoja, kama mtu anavyomngoja mwenzake amalize kukohoa.

"Umemaliza?" aliuliza. "Daftari unalo, kalamu unayo, kitabu unatembea nacho kwapani kila Jumapili. Kopo moja la maji ndilo linalokushinda?"

Ungefanya nini? Nimewauliza watu kadhaa na wote wamesema wangekimbia. Nami nilitaka kukimbia. Lakini nilipoliangalia lile sikio dogo, nilikumbuka bakuli la Bibi Anjela. Nilisimama, nikafungua dumu moja, nikajaza kopo langu la kuchotea. Nikashika kopo kwa mikono yote miwili.

Kwa mahali penye shaka, kitabu chetu kina maneno yake, na nilikuwa nayo kichwani kwa sababu nilikuwa nimeyasoma kila wiki kwa miezi saba. Nikasema, "Luka." Mtoto aligeuza kichwa. Nikasema, "Kama bado hujabatizwa..."

"Kama?" alisema mwanamke. "Bado unasema kama?"

"Ndivyo kitabu kinavyoagiza."

"Sikukiuliza kitabu. Sema bila kama."

Sikuweza. Nataka uelewe kwamba nilijaribu. Nikisema bila kama, nakiri kwamba siku ile sikufanya kitu, kwamba nilimzika mtoto asiyebatizwa na kumdanganya mama yake. Tena nitakuwa nimembatiza nani? Marehemu? Pepo? Mtoto wa mtu aliye hai, mwenye jina lake kwao? Nilisimama na kopo hewani.

Mwanamke alinigeuzia mgongo, mtoto akawa karibu na kopo. Hakuwa na hasira. "Haya," alisema. "Hata hilo la kama tutalichukua. Mmwagie."

Nikamalizia maneno, pamoja na kama yake, nikamimina mara tatu. Sikusikia maji yakidondoka chini. Mtoto alipumua kwa nguvu, mara moja, kama anavyopumua mtoto aliyelia sana kisha akanyamaza. Mwanamke akaweka sawa kanga yake, akanipita, akaendelea kupanda. Hatua tatu, nne, ukungu ukamfunika.

Nilikaa hapo hadi ukungu ulipoanza kupasuka. Kisha nikafanya ninachojua kufanya: nikapima. Chini ya jiwe, mahali nilipomimina, vumbi lilikuwa kavu. Kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, urefu wake shubiri moja na vidole viwili. Si za kwangu, maana mimi nilivaa makubazi. Yule mwanamke alipanda kutoka nyuma yangu na akaondoka kwa kupanda, lakini nyayo zote zilielekea chini, na zilikomea kwenye jiwe. Nikainua mzega, ukaniinamia upande mmoja. Dumu nililochota kopo moja lilikuwa limebaki chini ya nusu. Nyumbani nililijaza, nikalitundika kutwa nzima. Halikuvuja hata tone.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Baba Tekla," alisema, "hayo madaftari yamekuzidi. Umeanza kuota huku unatembea." Nikamwonyesha dumu. Akasema, "Umeyamwaga ulipojikwaa." Labda. Hilo nalo nimeliandika.

Wiki iliyofuata nilidandia lori hadi Masasi, nikamweleza padri yote, tangu chupa hadi jiwe. Alikoroga chai yake kwa muda mrefu.

"Huyo wa mlimani umefanya kosa," alisema. "Kanisa halibatizi wafu, wala hatubatizi tusiowajua. Lakini mtoto Luka usimhofie. Mungu hafungwi na chupa."

"Kama hafungwi na chupa, Baba, ile asubuhi nilikimbilia nini?"

Nilitegemea anikemee. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unadhani mimi silali na maswali? Hilo siwezi kukujibu. Ninachojua ni kwamba kuna mtu mmoja hujamwambia, na si mimi."

Nilichelewa siku nne nyingine. Siku ya tano nilikwenda. Nilimkuta amekaa mkekani akipukuchua mbaazi, peke yake.

"Mama Luka, nina neno."

"Sema, Mwalimu."

Nikasema. Sikuanza na mwanamke wa kwenye ukungu; nilianza na chupa, bakuli, mtoto aliyekuwa bado anapumua, na aibu yangu. Mikono yake haikusimama. Mbaazi ziliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Najua," alisema nilipomaliza.

"Unajua nini?"

"Niliinusa kabla yako. Hii ni nyumba ya mama mkwe, Mwalimu. Unadhani siijui harufu ya chupa zake?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshamtaja jina. Niliogopa kwamba nikisema, utalichukua jina lake uondoke nalo." Sasa mikono yake ilisimama. "Nikakungoja wewe. Kila uliponiita Mama Luka nilikuangalia mdomo. Miezi saba. Mtu anayeita jina asiloliamini anaonekana."

Nikamweleza na habari za jiwe. Aliposikia kwamba mtoto alikuwa na kiu, alilia, lakini hakushangaa.

"Na mimi nina langu," alisema. "Ila usinihubirie. Tangu tulipomzika, kila jioni ninampelekea kikombe cha maji pale kaburini. Kila asubuhi nakikuta kikavu."

Nikaanza kusema kwamba kuna mbwa, kuna ndege, kuna jua.

"Usiku hakuna jua, Mwalimu."

"Haya. Endelea."

"Tangu mwezi wa sita nakikuta kimejaa. Kama nilivyokiacha. Hata nzi hagusi."

Fikiria: miezi saba bila jibu, na sasa jibu lipo mkekani mbele yangu. Nikatoa daftari mfukoni. "Tangu siku gani hasa?"

Alikumbuka vizuri. Ilikuwa asubuhi ya siku ile lori la mitumba lilipopinduka njia panda na watu wakakimbilia kuokota mashati. Nikafungua ukurasa. Lori lilipinduka siku ya Ijumaa. Mimi nilikutana na yule mwanamke Jumatatu iliyofuata.

Siku tatu kabla.

Nikarudia kuhesabu. Nikamwuliza mara mbili. Hakubadili. Kama kiu ya mtoto iliisha Ijumaa, basi Jumatatu yule mwanamke alimwombea nani maji? Na kama alikuja kwa ajili ya Luka kweli, nani alimnywesha siku tatu kabla yangu? Au kikombe na jiwe havihusiani kabisa, na sisi wawili tumekaa mkekani tukishona vipande vya nguo mbili tofauti?

Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti, kidole kikiwa juu ya tarehe, aliponifunga daftari kwa mkono wake wenye vumbi la mbaazi.

"Usinihesabie siku, Mwalimu. Niite."

"Nikuite?"

"Niite, nikuangalie."

Nikamtazama. Sikuwa na hakika ya kitu chochote duniani wala mbinguni, na hakika hiyo sijaipata. Lakini mtoto alipumua wiki tatu katika nyumba ile, na mama yake alimpa jina.

"Mama Luka," nikasema.

"Abee," akaitika, akarudia mbaazi zake.

Sasa miaka imepita. Mama Luka ana watoto wengine watatu, wote nimewabatiza mimi au padri, na kwa maji. Lakini tangu asubuhi ile ya ukungu, kila ninapoinua maji juu ya kichwa cha mtoto, harufu ya nipa hunijia. Huwa nanusa, naonja, kisha nampa mama wa mtoto naye anuse. Watu wamezoea. Vijana husema, "Mwalimu anaonja kwanza." Ibadani tukifika mahali pa kusema tunaungama ubatizo mmoja, sauti yangu hupungua, na sijui kama nina mmoja, wawili au sina. Na kila nipitapo kwenye lile jiwe na madumu yangu, namimina kopo moja la maji juu yake, mimi ninayewakataza watu kupeleka vitu makaburini. Sijui kama ninachofanya ni sala au ni kosa. Katika daftari kina ukurasa wake. Hauna jibu.

Wewe unayesoma, najua utasema kisa hiki hakina mwisho. Basi chukua haya machache ninayoyajua. Usiiamini chupa kwa maandishi yake. Ukiwa umemkosea mtoto wa mtu, sema mtoto angali anapumua na bakuli lingali mlangoni. Aibu ya siku moja ni nyepesi, mimi niliibeba miezi saba na sasa nabeba kilichobaki. Na ukikutana na mtu kwenye ukungu akakuomba maji kwa ajili ya mtoto, mpe. Maswali utamwuliza baadaye, kama atakuwa bado yupo.